Kuivisha maharage kwenye kapu

Hapa Kibosho tunaona kwa macho: kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takribani asilimia 85 ya barafu yake. Kuni zikiungua hutoa hewa ya ukaa, na mti usipopandwa mwingine, hewa hiyo inabaki angani ikizuia joto. Mimi nimeanzia jikoni: kapu hutunza joto la sufuria, maharage yakamalizika kuiva bila kuni zaidi.

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji. Yachemshe kwa nguvu nusu saa. Usipunguze, mabichi yanaumiza tumbo. Yakiwa bado yanatokota, pangusa makaa yaliyonata chini ya sufuria, itumbukize kapuni kwenye majani makavu ya migomba. Shindilia majani hayo pembeni kusibaki upenyo, funika na mto mnene. Usifunue! Wifi yangu alichungulia mara tatu, yakabaki magumu. Baada ya saa nne, onja.