Namna ya kudhibiti mafua ya kuambukiza katika banda la sungura wa kuzalisha

Sungura hufuta pua yake kwa miguu ya mbele, kwa hiyo mfugaji anayetaka kuyagundua mafua mapema aikague kila asubuhi sehemu ya ndani ya miguu hiyo, kwani manyoya yaliyogandamana kwa kamasi huonekana hata pale ambapo pua imekwisha kufutwa ikawa safi. Chafya moja moja wakati wa kula pumba yenye vumbi si hoja. Chafya za mfululizo pamoja na kamasi nyeupe au ya manjano ndizo dalili ya ugonjwa, na mara nyingi husababishwa na bakteria wa pasturela.

Mgonjwa atolewe bandani siku hiyo hiyo. Hapa kwetu Unguja na Pemba pepo zina majira yake: wakati wa kaskazi kizimba cha wagonjwa kiwekwe upande wa kusini wa banda, na wakati wa kusi kihamishiwe kaskazini, ili upepo usipite kwa wagonjwa kabla ya kuwafikia wazima. Wazima wahudumiwe kwanza, wagonjwa mwisho, na vyombo vyao vya maji visichanganywe.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni tulifanyalo wenyewe wakati wa masika, tunapolizungushia banda maturubai pande zote kwa kuogopa mvua, nasi tukadhani tumewahifadhi wanyama, kumbe tumewafungia ndani na hewa kali ya mkojo wao inayochubua njia ya pumzi na kuwafungulia bakteria mlango. Inama mpaka usawa wa pua zao. Ukihisi macho yanakuwasha, basi wao wamekwisha kuumia. Turubai liwe upande unaopiga mvua tu, sehemu ya juu chini ya paa iachwe wazi, na samadi iondolewe kila siku. Vizimba visuguliwe kwa sabuni kwanza, ndipo vipakwe maji ya klorini, kwa kuwa uchafu huipunguza nguvu dawa hiyo, kisha vianikwe juani.

Usimpe sungura mabaki ya dawa za binadamu. Amoksilini na penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa tumboni, naye huharisha na kufa kwa dawa badala ya mafua. Daktari wa mifugo ndiye achague dawa, na umuulize siku za kusubiri kabla ya nyama kuliwa. Sungura akipumua kwa kuinua kichwa au kinywa kikiwa wazi, usingoje kesho.

Aliyepona huenda bado amebeba bakteria puani, naye huyaanzisha tena mafua akichoka, akipata joto kali au akizaa. Nilipata kuazima dume lililoonekana zima, na baada ya kupandisha, majike yangu yakaanza kupiga chafya moja baada ya jingine, na watoto wakaambukizwa wakiwa bado wananyonya. Tangu hapo aliyewahi kuugua simzalishi, hata awe wa mbegu nzuri kiasi gani, na dume la kuazima siliingizi.

Sungura mgeni akae mbali siku 30. Akizimaliza bila chafya wala kamasi, mweke jirani na mmoja wako asiye wa kuzalisha kwa wiki mbili, na huyo akibaki mzima, ndipo umwingize mgeni bandani.