Uko Ujerumani na huna rafiki wa hapo? Anzia kwenye chama cha mtaani kwako

Wengi wetu tukifika Ujerumani, uwe umekuja chuo, "au pair" (kukaa na familia na kuwalelea watoto), mwaka wa kujitolea au mafunzo ya unesi, maisha yanakuwa kazini, dukani, chumbani, halafu simu na watu wa nyumbani mpaka usingizi unakupitia. Mwaka unakatika hata jirani wa ghorofa ya juu humjui jina. Kisha tunaambiana kwenye magrupu kwamba Wajerumani wana roho ngumu, na mi kiukweli sikubaliani na hilo, wengi wao hawajazoea tu kuanza stori na mtu wasiyemjua kwenye basi, ila ukiwakuta kwenye chama chao ni watu wengine kabisa.

Chama kwao ni Verein, na hii nchi imejaa vyama, vilivyosajiliwa tu ni zaidi ya laki 6, maana watu 7 wanatosha kusajili kimoja. Kuna vya mpira, kwaya, kupanda milima, chesi, kufuga nyuki, ngoma, kila kitu. Kwa hiyo usianze kwa kutafuta "marafiki wa Kijerumani", anza kwa kujiuliza we unapenda nini. Kama ulikuwa unaimba kwaya Moshi au unacheza netiboli Nakuru, endelea na hichohicho.

Kupata chama ni rahisi, andika kwenye intaneti jina la mtaa au kijiji chako, kile unachopenda, na neno Verein. Tovuti ya manispaa mara nyingi ina orodha, na pia soma matangazo yaliyobandikwa maktaba na kanisani. Ukikipata tuma emaili fupi, jina lako, unaishi hapo, ungependa kuja kujaribu, na uliza kama kuna Probetraining. Hiyo ni siku ya kujaribu bila kulipa, vyama vingi vya michezo wanayo. Kijerumani chako kikiwa bado kibovu tuma hivyohivyo, usisubiri mpaka ufike kiwango cha lugha cha B2, lugha yenyewe utaichukulia palepale uwanjani kuliko kwenye kitabu.

Siku ya kwanza fika dakika 5 kabla, salimia kila mtu na utaje jina lako. Kwenye vyama watu wanaitana du, yaani "wewe" ya kirafiki, hata kwa mzee wa miaka 70, kwetu inakuwa ngumu kumwita mzee wa watu jina lake la kwanza bila shikamoo wala mzee, lakini ndo utaratibu wao na hawaoni kama umekosa adabu. Wiki za mwanzo usishangae kama hakuna anayekuuliza mambo yako, wanakuangalia kama utarudi. Rudi. Nenda wiki ya pili, ya tatu, ya nne, siku ileile saa ileile, na siku huwezi kuja toa taarifa mapema, kwa Wajerumani hilo lina uzito sana.

Halafu mazoezi yakiisha usikimbilie treni!! Hapa ndo wengi wetu tunapoteza. Watu wanabaki kwenye kantini ya chama wanakunywa kidogo na kupiga soga, na urafiki unaanzia hapo. Kama hunywi pombe agiza Apfelschorle, juisi ya tufaa iliyochanganywa na maji ya gesi, hata wao wanaokuja na gari wanaagiza hiyo.

Ikifika sherehe ya kiangazi itapitishwa karatasi ya nani ataleta keki, nani atapanga meza, nani atasimama kwenye nyama choma. Jiandikishe. Ukipika sambusa au maandazi andika pembeni kama kuna ngano, maziwa, karanga, maana wenye aleji ni wengi na watauliza. Na baki mpaka kufagia, aliyebaki kukunja viti hawamsahau.

Sasa hela. Ada inatofautiana sana, vyama vya kawaida vya mtaani mara nyingi ni nafuu kuliko jimu, ila kabla ya kusaini soma sehemu ya kujitoa, Kündigung. Vyama vingi vinataka uandike barua wiki au miezi kadhaa kabla ya nusu mwaka au mwaka kuisha, ukiacha tu kwenda wataendelea kukata benki. Wenye watoto na mnapokea msaada wa serikali, ulizeni kuhusu mpango wa Bildung und Teilhabe, mtoto anapata euro 15 kwa mwezi za ada ya chama. Na ukiombwa kusaidia kufundisha watoto utatakiwa cheti cha polisi, usiudhike, wanaomba kila mtu, na kwa anayejitolea hakilipiwi.

Kwa mlio vijijini, hasa manesi wa nyumba za wazee, zimamoto ya kijiji karibu yote ni watu wa kujitolea. Hapo Kijerumani lazima kiwe kizuri kwa sababu ni usalama wa watu, ila ukiingia kijiji kizima kinakujua. Mjini kuna bustani, zile zenye vibanda vidogo zina foleni ya miaka kwenye miji mikubwa, lakini za pamoja kama zilizopo Tempelhofer Feld pale Berlin, uwanja wa ndege uliofungwa 2008, ni wazi zaidi kwa watu wapya. Panda sukuma wiki, wao wana ndugu yake wa majani yaliyojikunja, Grünkohl, na mazungumzo yataanzia hapo.

Mlio Köln msikose karnivali. Msimu unafunguliwa 11 Novemba saa 5 na dakika 11 asubuhi, na Jumatatu ya gwaride, kabla ya Kwaresima, unapiga kelele Kamelle! unarushiwa pipi. Salamu ya karnivali Köln ni Alaaf, Düsseldorf ni Helau, usichanganye. Lakini ukikuta mtu kajipaka uso mweusi eti kavaa Mwafrika, huna haja ya kucheka naye, mwambie inaumiza au ondoka. Vivyo hivyo kwenye chama, wakikudharau hama utafute kingine, wala usijilazimishe.

Watanzania mna mlango mwingine. Mwanza na Würzburg ni miji ndugu tangu 1966, Dar na Hamburg tangu 2010, na sharika nyingi za Kilutheri zina urafiki na dayosisi za KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania. Kwenye vikundi hivyo utakutana na wazee waliowahi kukaa Tanzania, wengine wanaongea Kiswahili na wana hamu ya mtu wa kuongea naye, na hao ndo watakuonesha nyumba inapangishwa wapi na daktari gani anapokea wagonjwa wapya.

Volkshochschule, shule ya watu wazima ya kila mji, inaanza muhula kama Februari au Machi na tena Septemba, kozi za kupika na kucheza zinajaa haraka kwa hiyo jiandikishe wiki chache kabla. Na ukihama mji, muombe mwenyekiti akuandikie chama cha huko unakoenda, wengi wanajuana.