Jinsi ya kuamsha rekoda ya kaseti ya zamani na kuokoa sauti za nyumbani zilizomo

Usiiweke kaseti ndani bado. Najua umeikuta rekoda juu ya kabati, umepuliza vumbi, na kaseti yenye mwandiko wa mama unayo mkononi. Iweke mezani kwanza. Makosa mengi ninayoyaona katika kazi hii hutokea katika dakika hizo tano za hamu. Mimi mwenyewe, nilipokuwa naanza, niliingiza kaseti ya pekee ya babu yangu kwenye rekoda ambayo sikuwa nimeijaribu. Ikaila. Niliutoa utepe ukiwa umekunjamana kama karatasi ya peremende, na mpaka leo kuna mahali sauti yake inazama kwa sekunde chache kila nikiisikiliza. Tangu hapo utaratibu wangu haubadiliki: mashine kwanza, kaseti mwisho.

Mwongozo huu ni wa rekoda ndogo za kaseti za nyumbani, zile za spika moja na maikrofoni iliyojengewa ndani. Philips walionyesha kaseti hii mwaka 1963. Lou Ottens, aliyeongoza kazi hiyo, alikuwa akitembea na kipande cha mbao kinachoingia mfukoni mwa koti ili kiwe kipimo cha ukubwa wa mashine. Walilenga kurekodi maneno, muziki ukafuata baadaye. Ndiyo maana rekoda hizi ziliingia vyumbani na jikoni ambako zile mashine kubwa za magurudumu mawili ya utepe hazikufika.

Hatua ya 1: Umeme

Fungua mlango wa betri. Ukiona ukoko mweupe au wa kijani, betri zilivuja. Toa betri, kwangua ukoko kwa kijiti cha mbao, kisha futa vyuma kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa tone la siki. Malizia kwa spiriti na uache pakauke. Kama chuma kimeliwa, kisugue taratibu kwa msasa laini mpaka king'ae.

Ukitaka kutumia adapta, hesabu betri zake: kila moja ni volti 1.5, hivyo rekoda ya betri nne inataka volti 6. Halafu tafuta ule mchoro mdogo karibu na tundu la adapta unaoonyesha kama ncha ya katikati ni chanya au hasi. Adapta nyingi za leo zina chanya katikati, na rekoda nyingi za zamani zinataka hasi. Ukikosea hapa unaweza kuunguza mashine iliyokaa miaka arobaini salama. Kama huna uhakika, tumia betri.

Hatua ya 2: Belti

Bonyeza plei bila kaseti. Tazama vizungusho viwili, vile vyenye meno vinavyoingia kwenye matundu ya kaseti. Cha upande wa kulia kizunguke bila kusitasita. Kiguse kwa kidole: kinapaswa kukataa kidogo kabla ya kusimama. Kama unasikia mota inaunguruma na hakuna kinachozunguka, belti imelegea, imekatika au imeyeyuka.

Mpira wa belti za zamani una tabia ya kugeuka kuwa lami nyeusi. Ukifungua mashine ukaikuta hiyo, vaa glavu na weka magazeti mezani, maana ikishika nguo haitoki. Itoe yote kwa spiriti na vijiti vya pamba, hata kwenye mifereji ya magurudumu, kwa sababu tone lililobaki litaharibu belti mpya. Kupata kipimo, zungusha uzi kwenye njia ya belti, pima urefu wake, kisha punguza kama asilimia 5 hadi 10 ili belti mpya ikae imekaza. Angalia pia umbo: kama ya zamani ilikuwa bapa, nunua bapa.

Hatua ya 3: Kusafisha njia ya utepe

Fungua mlango wa kaseti na ubonyeze plei ili hedi, kile kipande cha chuma kinachosoma utepe, isogee mbele. Sasa unaona vitu vitatu ambavyo utepe hupita: hedi yenyewe, mhimili mwembamba wa chuma, na gurudumu la mpira linaloukandamiza utepe kwenye mhimili huo. Futa hedi na mhimili kwa spiriti safi, isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kile kinachotoka cha kahawia ni unga wa sumaku wa kaseti zilizopita hapo. Endelea mpaka pamba itoke nyeupe. Gurudumu la mpira ulifute kwa maji yenye tone la sabuni, kwa sababu spiriti nyingi hulikausha na kulipasua. Kama limekuwa gumu na linang'aa kama kioo, libadilishe. Gurudumu la namna hiyo huteleza, na ndilo linalofanya utepe uvutwe kombo hadi uliwe.

Hatua ya 4: Kaseti ya majaribio

Chukua kaseti isiyo na thamani kwako, na iwe ya muziki unaoujua vizuri. Iache ipige upande mzima huku ukiitazama. Kisha pima mwendo: tafuta wimbo uleule kwenye simu yako na ulinganishe muda. Wimbo wa dakika 4 ukiisha sekunde 10 mapema, mashine inakimbia kwa karibu asilimia 4. Masikio yatakuwa yameshakuambia, kwa sababu asilimia 6 ni sawa na kupandisha sauti nusu toni nzima. Mota nyingi zina tundu dogo mgongoni, na ndani yake kuna skrubu ya kurekebisha mwendo. Tumia bisibisi nyembamba na uizungushe kidogo mno.

Usiruke hatua hii kwa kuwa kanda yako ni ya maongezi tu. Sauti ya mtu uliyempenda ikipanda asilimia 5 inakuwa ya mtu mwingine. Nimewahi kumwona dada mmoja akikunja uso akimsikiliza baba yake, akasema, "Siye huyu." Tuliporekebisha mwendo, alifunika mdomo kwa mkono.

Hatua ya 5: Kaseti yenyewe

Kabla ya yote, vunja vile vijimeno viwili vya plastiki kwenye mgongo wa kaseti. Ukiishika upande A ukikutazama na utepe ukiwa chini, kijimeno cha kushoto ndicho kinacholinda upande A. Kikishavunjwa, rekoda haiwezi kurekodi juu yake hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu.

Kisha ikague kwenye mwanga. Unga mweupe kwenye kingo za utepe ni ukungu. Kaseti ya namna hiyo usiipige, itachafua mashine yako na kaseti zitakazofuata. Mpe fundi mwenye vifaa. Tazama katikati ya mdomo wa kaseti: panatakiwa kuwa na kipande kidogo cha kitambaa kinene juu ya springi bapa. Gundi yake huchoka, kipande kikadondoka, na sauti ikawa hafifu kama inatoka chini ya blanketi. Wengi huamini kanda imefutika, kumbe ni hicho tu. Kama kaseti ina skrubu tano, ifungue na uhamishie utepe kwenye ganda la kaseti nyingine nzima. Kama imegundishwa, pasua ganda taratibu kwenye maungio yake.

Utepe uliokatika uunganishe kwa gundi-tepu maalumu ya kazi hiyo. Selotepu ya kawaida hutoa ute baada ya muda na kushikanisha matabaka.

Mwisho, ipeleke kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe, mara moja. Kwa kaseti iliyolala miaka mingi napenda kuanza na kalamu mkononi, kama tulivyofanya utotoni kuokoa betri. Mkono unahisi mahali palipokwama, mota haihisi. Ziogope hasa zile za dakika 120. Utepe wake ni mwembamba kuliko wa dakika 60 na huvutika upesi.

Hatua ya 6: Kunyoosha hedi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wengi hawafiki. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa mwendo wa pole namna hiyo, hedi ikiinama kidogo tu tofauti na ile iliyorekodi, sauti kali zote hupotea. Herufi "s" inakuwa kama "f", na maneno yanakuwa ya mtu anayeongea na mkono mdomoni.

Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili. Moja imekazwa kabisa, nyingine imekalia springi. Hiyo ya springi ndiyo yako. Weka alama ya kalamu ilipo sasa, piga kaseti, na uizungushe polepole sana, kushoto kisha kulia, ukisikiliza "s" na "sh". Kuna mahali chumba kitafunguka ghafla. Simama hapo.

Kila rekoda ilikuwa na mwinamo wake, na iliuandika kwenye kila kaseti iliyorekodi. Kwa hiyo unarudia hatua hii kwa kila kaseti, na wakati mwingine kwa kila upande. Na kwa hiyo hiyo, kama nyumbani bado ipo rekoda ileile iliyorekodi sauti hizo, usiitupe hata kama imevunjika mpini. Itengeneze uitumie hiyo. Hakuna mashine ya bei yoyote inayoijua kaseti hiyo kuliko rekoda hiyo.

Hatua ya 7: Kuhamishia kwenye kompyuta

Tundu la maikrofoni la kompyuta halifai; mara nyingi ni la chaneli moja na limetengenezwa kwa sauti ndogo. Tumia kiunganishi cha sauti cha USB, kile kifaa kidogo kinachoingiza sauti ya rekoda kwenye kompyuta. Kama rekoda ina tundu la kutolea sauti moja kwa moja, chomeka hapo. Kama ina la visikizio tu, weka sauti karibu nusu.

Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Chagua biti 24 na kilohezi 48, faili liwe la WAV. Rekebisha kiwango ili kelele kubwa kabisa ifike kati ya desibeli -12 na -6, isiguse sifuri. Saa moja ya stereo itachukua karibu gigabaiti moja. Rekodi upande mzima bila kusimamisha, na usifanye kazi nyingine. Kaa uisikilize. Mara nyingi ni mara ya kwanza kwa miaka ishirini sauti hiyo kusikika katika nyumba hiyo.

Hatua ya 8: Usichokisafisha

Utatamani kuondoa mchakacho wa utepe na kelele za nyuma. Nakuomba usiguse faili la kwanza. Ukitaka kusafisha, safisha nakala.

Rekoda nyingi za nyumbani zilikuwa na kifaa ndani kinachojirekebishia kiwango cha kurekodi. Mtu akiongea kwa nguvu, kinapunguza. Akinyamaza, kinapandisha, kinaendelea kupandisha, mpaka kinaanza kuokota kila kilichomo chumbani. Kwa mafundi wa studio hiyo ni kasoro. Lakini sikiliza kilichotokea: bibi anamaliza sentensi, ananyamaza kutafuta neno, na katika zile sekunde mbili rekoda inanyoosha shingo na kuleta saa ya ukutani, mvua kwenye bati, sahani zinazooshwa chumba cha pili, mtoto anayeitwa kwa mbali. Kisha bibi anaanza tena na nyumba yote inarudi nyuma yake.

Nimezihamisha kaseti nyingi, zangu na za watu. Watu huja kutafuta maneno, na kinachowatoa machozi ni vile vituo vya kunyamaza. Hakuna aliyekusudia kurekodi ile mvua. Simu za leo huondoa kelele kabla hujaziomba, kwa hiyo hata ukirekodi nyumba yako leo, nyumba haimo. Acha pia ule mlio wa kitufe mwanzoni, na yule anayeuliza, "Imeanza?" Hiyo ni sehemu ya kanda.

Hatua ya 9: Majina

Lipe faili jina lenye mwaka, upande wa kaseti na tukio. Piga picha ya lebo na mwandiko uliomo. Weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Kaseti yenyewe irudishe kwenye kasha lake, isimame wima, mbali na spika na joto.

Kisha chukua daftari, mwite mtu mzima kuliko wote aliyebaki katika familia, na sikilizeni pamoja upande mzima wa kaseti. Andika dakika na jina: nani anacheka, nani anakohoa, mlango gani ule unaolia. Washa simu irekodi mazungumzo hayo pia, maana atasimamisha kanda mara kwa mara kukuelezea. Mimi kaseti ya babu bado ina sauti moja nisiyoijua, ya mwanamke anayesema "karibuni" kwenye dakika ya 17. Shangazi yangu anadhani ni jirani. Nimeiandika kwa penseli.