Kabla Hujaunganisha Faili za Tafiti za Kaya za Nchi Nyingi

Kuunganisha faili kumi na mbili za tafiti za kaya ni kazi ya dakika moja. Unaandika amri, unabonyeza, na wanawake laki mbili wa nchi kumi na mbili wanajipanga kwenye jedwali moja kana kwamba walihojiwa na mdadisi mmoja, siku moja. Programu haigombi. Karibu makosa yote ya kazi hii ni ya kimya: jibu linatoka, lina desimali zake mbili na nyota zake pembeni, na si kweli. Maandalizi ninayoyaeleza hapa yana lengo moja tu, kuyafanya makosa hayo yapige kelele mapema.

Nazungumzia zaidi tafiti za DHS, yaani tafiti za idadi ya watu na afya, zilizoanza mwaka 1984 kwa fedha za USAID na kufanyika katika nchi zaidi ya 90, pamoja na ndugu zake MICS, tafiti za UNICEF za viashiria vingi. Lakini mengi yanahusu utafiti wowote wa kaya wa kitaifa.

Swali la kwanza halihusu kompyuta kabisa. Unataka wastani wa nani? Chukua nchi mbili za kubuni. Nchi A ina wanawake milioni 30 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, nchi B ina milioni 1, na kila nchi imehoji wanawake 10,000. Wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango ni asilimia 20 kwa A na asilimia 60 kwa B. Unganisha faili, tumia uzito wa sampuli (namba inayosema kila mhojiwa ahesabiwe kwa kiasi gani) kama ulivyokuja, utapata asilimia 40. Mpe kila mwanamke nafasi yake halisi katika idadi ya watu, utapata kama asilimia 21. Jibu moja ni karibu mara mbili ya jingine, na hakuna aliyekosea kujumlisha.

Chanzo ni namna uzito wa DHS unavyotengenezwa. Kwenye faili la wanawake uko katika safu ya v005, umeandikwa bila nukta, kwa hiyo unaugawanya kwa 1,000,000. Wengi huishia hapo. Lakini uzito huo umepunguzwa makusudi ili jumla yake ilingane na idadi ya waliohojiwa katika utafiti ule ule. Unajua kusawazisha mikoa ndani ya nchi. Hauna habari kwamba kuna nchi nyingine duniani. Kuurudishia ukubwa wake, unauzidisha kwa idadi ya wanawake wa umri huo nchini mwaka wa utafiti, kisha unagawanya kwa idadi ya waliohojiwa. Katika mfano wetu, uzito wa A unazidishwa mara 3,000 na wa B mara 100. Idadi ya watu ichukue kwenye makadirio ya Umoja wa Mataifa, toleo moja kwa nchi zote, usichanganye na sensa ya huyu na makisio ya yule.

Si lazima iwe hivyo kila mara. Kama swali lako ni nchi ya kawaida ikoje, zipe nchi zote uzito sawa na useme wazi kwamba huo ni wastani wa nchi, si wa watu. Zote mbili ni halali. Kisicho halali ni kuacha ukubwa wa sampuli ukuamulie. Kenya mwaka 2014 ilihoji wanawake zaidi ya 31,000 kwa sababu ilitaka takwimu hadi ngazi ya kaunti zake 47. Haikuwa na nia ya kupiga kelele kuliko majirani kwenye uchambuzi wako. Na jambo jingine: uzito huo mkubwa uingize kama uzito wa sampuli, usiuingize kama idadi ya marudio. Ukikosea hapo, katika mfano wetu wa A na B programu itaamini umehoji watu milioni 31, na hakuna tofauti hata ya nywele itakayokosa kuwa "ya maana" kitakwimu.

Baada ya uzito, klasta, yaani maeneo ya kuhesabia watu ambamo kaya zilichaguliwa. Hapa niliwahi kuumia. Kila utafiti huhesabu klasta zake kuanzia 1. Nilipounganisha faili zangu, klasta namba 1 ya kila nchi ikawa kijiji kimoja kikubwa kilichosambaa bara zima, na programu ikahesabu makosa ya sampuli kwa kuamini watu hao ni majirani. Niligundua baada ya majedwali yote kuwa tayari, kwa sababu tu idadi ya klasta iliyochapishwa chini ya jedwali ilikuwa ndogo kuliko ya nchi moja niliyokuwa nikiifahamu. Tengeneza namba mpya inayobeba utafiti na klasta kwa pamoja. Usitegemee v000 peke yake kuutambulisha utafiti, maana ni msimbo wa nchi na awamu, na nchi inaweza kuwa na tafiti zaidi ya moja katika awamu moja. Zipe faili namba zako mwenyewe. Matabaka ya sampuli, yaani makundi ambayo nchi iligawanywa kabla ya klasta kuchaguliwa, yafanyie vivyo hivyo, na kwa tafiti za zamani soma kiambatisho cha sampuli kwenye ripoti kabla ya kuamini safu iliyoandikwa tabaka.

Kalenda ni mtego mdogo wenye aibu kubwa. Tarehe za DHS huhifadhiwa kama idadi ya miezi tangu mwanzo wa 1900. Ethiopia huweka tarehe zake kwa kalenda yake, na kuzihamisha unaongeza miezi 92. Usipoongeza, utafiti wa Ethiopia wa 2016 utakaa kwenye mchoro wako mwaka 2008. Nepal ndiyo kinyume: utafiti wake wa 2016 unasomeka 2073. Nepal utaiona, kwa sababu hakuna utafiti unaotoka mbele ya wakati. Ethiopia hutaiona. Umri wa mtoto hautaharibika, kwa kuwa tarehe zote mbili zinatoka kalenda moja. Kinachoharibika ni mwelekeo wa miaka, yaani kile hasa ulichokuja kukitafuta.

Sasa tuje kwenye swali la nani aliulizwa, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu halitatuliwi kwa amri. Bangladesh na Pakistan zimekuwa zikihoji wanawake waliowahi kuolewa tu, wakati nchi nyingi za Afrika huhoji wanawake wote. Ukitafuta asilimia ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa, ukawachanganya bila kufikiri, kwa upande mmoja unagawanya kwa wasichana wote na kwa upande mwingine kwa walioolewa peke yao. Ama tumia vizidishio vya wanawake wote, yaani namba za kuwafidia wasioolewa ambao hawakuhojiwa, vilivyomo kwenye faili hizo, ama ubaki na walio kwenye ndoa kwa nchi zote na ubadilishe kichwa cha jedwali.

Hata ndani ya nchi moja, "taifa" halikuwa lile lile kila mara. Tafiti za Kenya za 1989, 1993 na 1998 hazikufika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Ule wa 2003 ndio wa kwanza kuufikia. Uganda ya 2000-01 iliacha wilaya za Bundibugyo, Gulu, Kasese na Kitgum kwa sababu ya usalama. Ukilinganisha kabla na baada bila kuondoa maeneo hayo kwenye utafiti mpya, sehemu ya unachokiita mabadiliko ni ramani kuongezeka. Na kule kule Kenya, 2014, nusu ya kaya zilipewa dodoso refu na nusu dodoso fupi. Maswali ya dodoso refu ni tupu kwa nusu ya wanawake. Kuna watu hujaza nafasi tupu kwa sifuri ili faili lipendeze. Kiwango kinakatika katikati.

Nafasi tupu zina binamu zake wabaya zaidi, yaani misimbo maalumu. Alama ya urefu wa mtoto kwa umri, hw70, imezidishwa kwa 100, hivyo udumavu ni chini ya -200, na vipimo visivyofaa vimeandikwa 9996 hadi 9998. Ukikokotoa wastani bila kuviondoa, utaona kituko mara moja. Ukikokotoa asilimia ya waliodumaa, huoni kitu: watoto hao wanahesabiwa tu kuwa ni warefu, udumavu unashuka kidogo, na nchi yenye vipimo vibovu zaidi ndiyo inayong'ara. Angalia pia kwamba faili za zamani zina hw5, iliyokokotolewa kwa marejeo yaliyotangulia viwango vya WHO vya 2006. Mtoto yule yule, sentimita zile zile, jibu tofauti. Tena baadhi ya tafiti za miaka ya 1990 zilipima walio chini ya miaka mitatu tu.

Fahirisi ya utajiri, v190, usiilinganishe kati ya nchi. Imewagawanya wakazi wa kaya za kila utafiti, kwa kuangalia mali za kaya zao, katika makundi matano yaliyo sawa, kwa hiyo kila nchi, hata iliyo tajiri namna gani, ina asilimia 20 ya "maskini kabisa" kwa ufafanuzi. Unaweza kuuliza pengo kati ya kundi la chini na la juu lina upana gani katika kila nchi. Huwezi kuuliza maskini wako wengi wapi. Mjini na vijijini nako kila serikali ina tafsiri yake.

Msimu ni jambo fupi ila la lazima. Kuhara huulizwa kwa wiki mbili zilizopita. Tafiti za malaria hupangwa kuangukia kipindi cha maambukizi mengi, na nyingine hungoja barabara zikauke. Weka mwezi wa mahojiano kwenye jedwali lako. Ukichanganya DHS na MICS, kumbuka pia kuwa MICS humhoji mlezi wa kila mtoto wa chini ya miaka mitano aliyemo ndani ya kaya, wakati historia ya chanjo kwenye DHS hutoka kwa mama mzazi. Mtoto yatima yupo kwenye moja na hayupo kwenye nyingine.

Yote haya yana kipimo kimoja cha kuyanasa, na sijawahi kujuta kukitumia. Kabla ya kuunganisha chochote, fungua ripoti ya kila nchi na utoe upya namba mbili kutoka kwenye faili lako: idadi ya waliohojiwa, na kiashiria chako kama kilivyochapishwa. Kisipolingana, simama, usiendelee hadi ujue kwa nini. Mara nyingi ni umri wa watoto, au kada ya wahudumu ambao ripoti imewahesabu kuwa wenye ujuzi wa kuzalisha na wewe hukuwahesabu. Nchi kumi na mbili, siku mbili au tatu za kazi. Andika pia jina la faili na tarehe uliyolipakua, hasa baada ya fedha za USAID kwa mradi huo kukatwa mapema mwaka 2025.

Kisha chora kila nchi peke yake kabla ya kuwa na mstari mmoja wa wote. Kama nusu zinapanda na nusu zinashuka, wastani wako hauelezi nchi yoyote iliyopo. Na usidanganywe na wale laki mbili: ukitaka kusema kitu kuhusu sera za nchi, sampuli yako ni kumi na mbili. Ondoa nchi moja, kokotoa. Irudishe, ondoa nyingine. Ikitokea nchi ambayo ikitoka tu matokeo yanageuka, jina lake liwe kwenye aya ya kwanza ya matokeo, si kwenye tanbihi.