Manukato ya Harufu ya Bahari: Usiyanunue Kabla ya Kuyasikia Alasiri

Manukato ya wanaume yanayoitwa ya bahari hujiuza yenyewe katika dakika kumi za kwanza. Ukiyapuliza dukani hupanda ndimu, mnanaa na ubaridi kama wa sakafu iliyomwagiwa maji, na kabla hujauliza bei mkono umeshaingia mfukoni. Mimi niliwahi kununua chupa ya namna hiyo katika duka lenye kiyoyozi mjini Mombasa, siku mbili kabla ya harusi ya jamaa yangu hapa Lamu. Siku ya shughuli, ambayo iliangukia katikati ya kaskazi, nilijipuliza saa tatu asubuhi, na ilipoadhiniwa adhuhuri nilikuwa nanuka jasho langu la kila siku pamoja na kitu mfano wa ganda la tikiti lililosahauliwa juani. Sikumlaumu muuzaji, kwa kuwa ni mimi niliyeonja robo saa nikalipia siku nzima.

Harufu hiyo ya bahari haikukamuliwa baharini. Mwaka 1966 wanakemia wa kampuni ya dawa ya Pfizer waligundua kemikali iliyokuja kuitwa Calone, ambayo hunukia upepo wa pwani uliochanganyika na tikiti maji, lakini ilipita miaka zaidi ya ishirini kabla haijapata umaarufu katika manukato. Cool Water ya Davidoff, kazi ya Pierre Bourdon, ilitoka mwaka 1988, na Acqua di Giò ya Giorgio Armani ikafuata mwaka 1996. Chupa nyingi za aina hii zinazouzwa leo ni wana na wajukuu wa hizo mbili, kwa hiyo mtu aliyezinusa kwa makini hatababaishwa na jina jipya, bali atatambua mara moja kama chupa iliyo mbele yake ina jambo lake au inarudia maneno ya wazee. (Bahari yetu halisi, ile ya sifa, yaani mafuta ya papa yanayopakwa majahazi, mwani uliokauka na samaki wa jana, sidhani kama kuna atakayeilipia.)

Kinachopanda kwanza, yaani ndimu, bergamoti na mnanaa, kimeundwa na chembe nyepesi zinazoruka upesi, na kwa kawaida nusu saa haipiti kabla hazijapungua sana. Chini yake hubaki vitu vizito kama miski ya maabara, mbao na ambroxan (kemikali inayonukia kama ambari), na hivyo ndivyo utakavyoishi navyo mpaka jioni. Joto huharakisha safari hiyo yote. Isitoshe, majira ya joto yanayotajwa katika matangazo ya manukato haya ni Juni hadi Agosti ya Ulaya, wakati ambapo sisi tuko katika kusi na upepo wake, ilhali joto letu huja na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Ukiweza, yajaribu manukato katika majira hayo, maana yaliyokuridhisha mwezi wa Julai yanaweza kukuaibisha Februari.

Siku ya jaribio, oga, ukaushe mwili, usijipake mafuta yenye harufu, na uvae nguo isiyofukizwa. Omba dukani upulizwe mara moja mkononi, chini ya kiwiko, na mara moja kwenye kipande cha kitambaa cheupe, kisha uondoke bila kununua. Usisugue ngozi. Kitambaa kitakuonyesha mambo mawili: kama manukato yanaacha doa, jambo zito kwa mvaa kanzu, na jinsi yanavyonukia mbali na jasho lako. Baada ya hapo endelea na shughuli zako, na kama huna shughuli, tembea kwa miguu kutoka mjini Lamu hadi kijiji cha Shela, takriban kilomita tatu kando ya maji, kwa kuwa manukato yasiyostahimili mwendo huo hayatastahimili safu ya msikitini wala mashua iliyojaa watu. Nusa baada ya robo saa, baada ya saa moja, baada ya saa tatu, na tena alasiri. Pua yako itakuwa imeshazoea, kwa hiyo mtafute mtu aliyetoka nje wakati huo, na usimuulize kama unanukia vizuri, maana atakujibu kwa adabu. Muulize anasikia nini.

Akikwambia anasikia chumvi, mbao mbichi au uchungu kidogo wa ganda la chungwa, hiyo ni dalili njema. Akisema sabuni ya unga, iache chupa hiyo hata kama imepunguzwa bei. Utamu wa tikiti uliochanganyika na jasho ndio mbaya kuliko yote, na hakuna kiasi cha kupuliza tena kitakachoufunika.

Bei nayo ipime kwa siku, usiipime kwa chupa. Mpulizo mmoja hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya mililita, hivyo chupa ya mililita 100 ina mipulizo kama 1,000. Tuseme inauzwa shilingi 9,000: ukitumia mipulizo minne kila asubuhi, itakaa siku 250 na kila siku itakugharimu shilingi 36. Ikiwa unalazimika kurudia adhuhuri, siku hizo ni 125 na gharama ni mara mbili, na hapo chupa ghali zaidi inayokaa hadi magharibi huenda ndiyo rahisi. Kagua pia kama namba iliyopigwa kwenye boksi inalingana na ile ya chini ya chupa, na usichukue ile iliyopangwa dirishani kupigwa na jua, kwani mwanga na joto huyaharibu manukato.

Limebaki suala la udi. Wengi wetu kanzu ya Ijumaa hufukizwa, na manukato ya bahari juu ya moshi wa udi mara nyingi hugombana, kila kimoja kikimvunjia mwenzake heshima. Kabla ya kulipa, peleka kile kitambaa chako karibu na kanzu iliyofukizwa ukavinuse pamoja. Vikikataana, na chupa bado waitaka, basi inunue kwa ajili ya siku za kikoi na fulana, uiweke ndani kwenye zidaka za ukutani ambako jua halifiki, na Ijumaa uiache hapo hapo.