Somo: Runinga ya sebuleni, simu ya mzazi na akili ya mtoto mdogo

Wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi, mtoto wa chini ya miaka mitatu hujifunza kwa kujibiwa. Akitoa sauti, mwitikie. Akinyooshea kidole mwembe, mtajie jina lake.

Hatua ya 1: Zima runinga isiyotazamwa na mtu. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Nyumba nyingi king'amuzi huwashwa asubuhi kikazimwa usiku, na ukiuliza unaambiwa, "Mtoto haangalii, anacheza tu." Anacheza, lakini kila kelele inamkatiza, na sisi wakubwa tunanyamaza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kuwa kwa kila saa ya runinga inayosikika, mtoto hupungukiwa takriban maneno 770 ya watu wazima. Maneno hayo ndiyo yanayojenga lugha yake!

Hatua ya 2: Simu yako. Unaponyonyesha au kulisha, iweke mbali.

Hatua ya 3: Kipimo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019: chini ya miaka 2, asikalishwe mbele ya skrini; miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni heri.

Hatua ya 4: Mpe kazi. Msimu wa korosho mikono haina nafasi, najua. Muweke karibu, mhesabu mabibo pamoja. Korosho mbichi asiachiwe, ganda lina mafuta yanayobabua ngozi. Jioni mtegee kitendawili, hata kama jibu utalitoa mwenyewe.

Maswali yenu

*Mama Shamte, Mikindani:* Baba yake yuko Dar, kila usiku tunaongea kwa video. Nayo mbaya?
— Hapana, mama. Baba anamjibu, katuni haimjibu. Kaa naye, umrudilie maneno ya baba.

*Mjomba wa Nachingwea:* Wangu ana miaka mitatu, katuni zimemfundisha kuhesabu hadi kumi.
— Vizuri, mjomba. Sasa mtume akuletee ming'oko (viazi vya porini) mitatu. Akileta rundo, amekariri wimbo, hesabu bado. Mhesabie kwa vitu vya kushika.

*Bibi, Kilwa Masoko:* Mjukuu ana miaka miwili na nusu, hasemi neno. Nikichukua simu analia. Ni simu hiyo?
— Shikamoo bibi. Tusiilaumu simu peke yake. Mpeleke kliniki wiki hii, uwaombe wamwangalie masikio kwanza. Simu ipunguze kidogo kidogo, na saa anayoililia zaidi mtoe nje kwa wenzake.