Kupika sakkarai pongal kwenye chungu, hatua kwa hatua

Januari hii mwanafunzi mwenzetu kutoka Tanzania, mgeni hapa Coimbatore, kusini mwa India, alipewa chungu na jirani zake Watamil ili naye apike sakkarai pongal, wali mtamu wa maziwa na sukari guru, siku ya Thai Pongal. Nilikaa naye uani asubuhi nzima. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Thai Pongal ni siku ya kwanza ya mwezi wa Thai katika kalenda ya Kitamil, tarehe 14 au 15 Januari. Mpunga umeshavunwa, na mchele mpya hupikwa kulishukuru jua. Neno pongal lenyewe ni kuchemka hadi kufurika. Chungu kisipofurika, umepika wali mtamu tu.

Andaa kikombe 1 cha mchele mpya, robo kikombe ya choroko zilizokobolewa, kikombe kimoja na nusu cha sukari guru iliyopondwa, vikombe 2 vya maziwa, vikombe 3 vya maji, nusu kikombe ya samli, korosho, zabibu kavu na iliki.

1. Chungu
Kikiwa kipya, kiloweke usiku kucha. Asubuhi kifunge shingoni mche wa manjano (binzari) pamoja na majani yake. Nyumba nyingi za mjini siku hizi hutumia sufuria ya presha. Mimi siitaki kwa siku hii, maana imefunikwa, huoni maziwa yakipanda, na kuyaona yakipanda ndiyo sikukuu.

2. Maziwa
Pika nje, kolam (pambo la chini) ya unga wa mchele ikiwa imeshachorwa na miwa imesimamishwa. Mimina maziwa na kikombe 1 cha maji, anza na moto mdogo, kisha ongeza kuni. Yakifurika, wote waliopo hupaza sauti: "Pongalo Pongal!" Wazee hutazama yamemwagikia upande gani, na mashariki ni heri.

3. Mchele
Tia mchele na choroko ulizokaanga kidogo, na maji yaliyobaki. Yawe ya moto, maana ya baridi hupasua chungu.

4. Sukari guru
Hapa ndipo nilipopoteza karibu saa tatu mwaka wangu wa kwanza. Niliona mchele umevimba, nikatia sukari guru, nikasubiri ulainike. Haukulainika. Niliongeza maji, nikaongeza kuni, chini kukaungua, na punje zikabaki na kiini kigumu. Amma (yaani mama) mwenye nyumba ndiye aliyenieleza: sukari huyavuta maji ambayo punje ingeyanywa, kwa hiyo ikishaingia, mchele unabaki ulivyo.

Basi usiiguse mpaka mchele umeiva kupita kiasi. Chukua punje, ibonyeze kati ya vidole viwili. Ikisagika yote kama uji, endelea. Ikibaki hata chembe ngumu, ngoja. Pima punje za juu na za katikati pia, kwa sababu za chini huiva mapema na zitakudanganya.

Tena usiitie ikiwa mabonge. Iyeyushe pembeni kwa maji kidogo, kisha ichuje kwa kitambaa, maana ina mchanga na vipande vya maganda ya miwa. Iache ipoe kidogo na uitie chungu kikiwa kwenye moto hafifu sana. Ikiingia inachemka, maziwa huweza kukatika. Na nunua ile ya kahawia iliyokoza. Ya manjano inayong'aa mara nyingi imeng'arishwa kwa dawa, na ladha yake ni nyepesi.

Koroga kwa mwiko wa mti hadi iwe nzito.

5. Samli
Kaanga korosho, kisha zabibu, mimina zote pamoja na iliki. Usibane samli.

Pakua kwanza kwenye jani la mgomba, liwekee jua, ndipo watu wale. Chungu usikirudishe stoo. Kesho yake ni Mattu Pongal, siku ya ng'ombe: huogeshwa, pembe hupakwa rangi, na wao pia hupikiwa pongal.